Mchoro wa Mkono Unapokataa Kulingana na Jengo: Dalili, Sababu na Tiba katika Kuunda Modeli ya Kompyuta

Chukua nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe, Unguja, ambayo plani yake ilichorwa kwa wino kwa futi na inchi, ikakunjwa mara nne, ikapigwa kopi, na hatimaye ikaskaniwa ili mhandisi apate modeli ya kukokotolea uzito wa sakafu na mkadiriaji majenzi apate kiasi cha chokaa na boriti. Mchoraji anaifungua picha hiyo kwenye programu, anafuatisha mistari yake kwa kipanya muda wa siku nne, na siku ya tano fundi anaponyoosha tepu kwenye nyumba yenyewe, ukuta wa mbele wa modeli unaonekana kuzidi ule wa mawe kwa sentimita 41. Kosa hilo halikuzaliwa wakati wa kufuatisha mistari. Lilikuwemo kabla mstari wa kwanza haujachorwa, na lingeweza kugunduliwa kwa dakika kumi za kupima.

Mwongozo huu unaanza na dalili inayoonekana kwenye skrini, unairudia sababu yake, kisha unaeleza tiba. Msimamo unaoongoza kila tiba iliyomo humu ni mmoja: picha iliyoskaniwa inaeleza kitu kiko wapi na kinaungana na nini, lakini urefu wa kitu hicho hutoka kwenye namba iliyoandikwa, na namba hiyo ikibishana na jengo ambalo bado limesimama, jengo ndilo lenye haki. Anayetia shaka kama usahihi huu una thamani aifikirie Beit al-Ajaib, jumba kubwa la Mji Mkongwe lililojengwa mwaka 1883: sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, kuta zilizoanguka hazikuweza tena kupimwa kwa tepu, na kuanzia saa ile kilichobaki ni michoro na picha zilizokuwa zimeshachukuliwa.

Vipimo vitatu kabla ya tiba yoyote

Usianze kurekebisha chochote kabla ya kujua ugonjwa ni wa aina gani. Ingiza picha kwenye programu kwa skeli (uwiano wa mchoro na jengo) unayodhani inayo, bila kuirekebisha zaidi, kisha chagua mistari mitatu mirefu yenye kipimo kilichoandikwa kando yake: mmoja wa mlalo, mmoja wa wima, na wa tatu ulio mbali na hiyo miwili, kwenye upande mwingine wa karatasi. Pima kila mstari ndani ya programu, halafu gawanya kipimo kilichoandikwa kwa kile ulichokipata. Utabaki na namba tatu za uwiano, nazo zitakuonyesha pa kwenda.

Zikiwa sawa zote tatu lakini si 1, tatizo ni la skeli au la vizio, yaani vipimo vya msingi kama inchi na milimita. Uwiano wa mlalo ukitofautiana na wa wima, karatasi au skana imevuta upande mmoja. Mistari miwili ya mwelekeo mmoja ikitoa uwiano tofauti kwa kuwa tu iko sehemu tofauti za karatasi, picha imepinda, na hakuna namba moja itakayoitibu. Na ikiwa mistari yote inakubaliana isipokuwa mmoja, iache picha, ukaisome upya namba ya mstari huo. Makosa mengi niliyoyaona yalitokana na mtu kutumia tiba ya kundi moja kwa ugonjwa wa kundi jingine, kwa mfano kuikuza picha nzima kwa sababu chumba kimoja kilikataa kulingana.

Dalili: kila kitu kimezidi au kimepungua kwa kiasi kilekile

Hili ndilo kosa la sentimita 41. Michoro iliyochorwa kwa vipimo vya Kiingereza ilitumia skeli kama inchi 1/8 kwa futi 1, ambayo ni 1:96, au inchi 1/4 kwa futi 1, ambayo ni 1:48. Mchoraji wa leo aliyelelewa na mita huona plani ya namna hiyo, hukadiria kwa jicho kwamba ni 1:100 au 1:50, na hukosea kwa asilimia 4 na kidogo. Ukuta wa futi 32 na inchi 6 una milimita 9,906. Kwenye karatasi ya 1:96 unachukua milimita 103.2, ukisomwa kwa 1:100 unakuwa milimita 10,319. Tofauti ni milimita 413, nayo ni hatari kwa sababu haionekani kwa jicho: vyumba vyote vinabaki na umbo lao, milango inabaki mahali pake, na hakuna kitu kwenye skrini kinachopiga kelele.

Kwa hiyo ijue namba unayoitafuta. Uwiano wa 0.96 unaashiria 1:96 iliyosomwa kama 1:100. Uwiano wa 0.707 au 1.414 unaashiria kwamba karatasi ilikuzwa au kupunguzwa kwa hatua moja kwenye mashine ya kopi, kutoka A4 kwenda A3 au kinyume chake. Uwiano wa 2 unaashiria A1 iliyopunguzwa hadi A3, na hapo maneno "1:100" yaliyoandikwa kwenye kisanduku cha kichwa cha mchoro hayana ukweli tena, kwa sababu mchoro wenyewe sasa ni 1:200. Uwiano ulio karibu sana na 1 lakini si 1 kamili, uliokosea kwa asilimia chache tu, mara nyingi hutokana na mtu aliyechapisha faili kwa kuruhusu printa ilinganishe ukurasa na karatasi, kisha akaskani nakala hiyo.

Namba zikiwa kubwa zaidi, chunguza vizio. Modeli iliyozidi au kupungua mara 25.4 imechanganya inchi na milimita, mara 304.8, futi na milimita. Mara 1,000, mita na milimita. Katika AutoCAD, programu ya uchoraji, fungua amri ya UNITS na uweke milimita kabla ya kuingiza chochote, kwa sababu faili mbili zenye vizio tofauti zikikutana programu hukuza moja yake bila kukuuliza. Picha iliyozidi mara 4.17 ina sababu nyingine: iliskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi, lakini taarifa hiyo ilipotea njiani na programu ikadhani ni nukta 72. Hili hutokea sana kwa mchoro uliotumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, ambapo ukubwa wake hupunguzwa pia na namba ndogo hugeuka ukungu. Omba utumiwe kama hati. Ikishindikana, nenda na diski ukaichukue faili ya asili.

Tiba yenyewe ni nyepesi. Chagua mstari mrefu kuliko yote wenye kipimo unachokiamini, tumia amri ya SCALE kwa njia ya rejea, bonyeza ncha zake mbili, na andika urefu wa kweli. Usikuze picha kwa kutumia upana wa mlango. Kosa la milimita 5 kwenye mlango wa milimita 900 huwa kosa la milimita 55 kwenye ukuta wa mita 9.9, ilhali kosa hilohilo kwenye ukuta mrefu hubaki milimita 5 tu. Kama mchoro una mstari wa skeli uliochorwa kwa mkono pembeni mwa karatasi, upende kuliko maneno ya skeli, kwa kuwa mstari huo umekuzwa, umepunguzwa na umenyauka pamoja na karatasi.

Katika nyumba za mawe za pwani kuna kipimo kingine cha akili ambacho ninakithamini sana. Dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba ni virefu lakini vyembamba, kwa kawaida visivyozidi takribani mita 3. Modeli ikikuonyesha sebule ya upana wa mita 3.88 isiyo na mhimili katikati, usianze kuishangaa nyumba. Gawanya kwa 1.414, utapata mita 2.74, yaani futi 9 kamili, na utakuwa umeipata kopi ya A4 iliyokuzwa kuwa A3.

Dalili: mlalo umekubali, wima umekataa

Skana kubwa za michoro huivuta karatasi kwa roli. Karatasi ikiteleza kidogo, au ikiwa nzito na yenye mikunjo, picha hurefuka au kufupika upande wa mvuto pekee, na upande mwingine hubaki sahihi. Karatasi nayo ina tabia yake: hutanuka kwa unyevu na kusinyaa kwa ukavu, na hutanuka zaidi kwa kukatisha nyuzi zake kuliko kwa kufuata urefu wa nyuzi. Mchoro uliokaa miaka kwenye kabati la mji wa pwani kisha ukaskaniwa kwenye chumba chenye kiyoyozi umepitia hali hizo zote mbili. Michoro iliyofanywa kwenye filamu ya poliesta husumbua kidogo sana kwa jambo hili.

Kosa la nusu ya asilimia tu kwenye ukuta wetu wa mbele ni milimita 50, ambayo inatosha kuifanya fremu ya mlango isiingie. Amri ya kawaida ya kukuza haiwezi kulitibu, kwa sababu hukuza pande zote mbili kwa kiasi kimoja. Njia ninayoipendekeza ni kurekebisha picha kabla haijaingia kwenye programu ya uchoraji: ifungue kwenye programu ya picha kama GIMP, ondoa kifungo kinachounganisha upana na urefu, na ubadilishe idadi ya pikseli za upande mmoja. Karatasi ya A1 iliyoskaniwa kwa nukta 300 ina takribani pikseli 7,016 kwa 9,933. Kama uwiano wa wima ni 1.006 na wa mlalo ni 1.000, urefu unabadilishwa kuwa pikseli 9,993 na upana unaachwa. Aliyekwisha kufuatisha mistari yote anaweza kuigeuza kazi yake kuwa bloku, yaani mistari iliyofungwa pamoja kama kitu kimoja, na kuiingiza kwa skeli tofauti za mlalo na wima, lakini ajue kwamba bloku hiyo ikivunjwa duara zake zitakuwa duaradufu, na ngazi za mzunguko zitahitaji kuchorwa upya.

Kinga ni rula mbili za chuma. Zilaze kando ya mchoro unapouskani kwenye skana bapa au kuupiga picha, moja kwa mlalo na moja kwa wima, na mgogoro huu utamalizika kabla haujaanza.

Dalili: katikati ya karatasi ni sahihi, pembezoni si sahihi

Hapa mara nyingi picha ilipigwa kwa simu. Simu ikiinama kidogo, mstatili huwa trapeza. Na lenzi ya simu, hasa ikiwa karibu, huipinda mistari ya pembezoni iwe kama ubavu wa pipa. Ukiweza kupiga tena, piga tena: laza karatasi chini ya kioo, panda juu, isogeze simu mbali na ukuze, na uhakikishe kingo nne za karatasi ziko sambamba na kingo za skrini. Dakika tano za kurudia kupiga hushinda saa tano za kunyoosha.

Usipoweza, kwa sababu mchoro uko kwenye nyaraka ambazo haziruhusiwi kutolewa au umeshapotea, kunyoosha kunafanywa kwa nukta za rejea, yaani nukta za mchoro ambazo mahali pake pa kweli panajulikana. Nukta mbili zinatosha kusogeza, kuzungusha na kukuza tu. Nukta tatu zinatosha pia kutibu tofauti ya mlalo na wima. Nukta nne zinaondoa mwinamo wa kamera. QGIS, ambayo wengi huitumia kwa ramani za ardhi, ina zana ya kufanya kazi hii bila malipo, na haioni tofauti kati ya ramani ya wilaya na plani ya nyumba ilimradi uipe koordineti za nukta zako, yaani namba za mahali zilipo.

Jambo la kuzingatia sana ni mabaki, yaani umbali uliosalia kati ya mahali nukta ilipotakiwa kuwa na mahali ilipoangukia. Ukitoa nukta tatu kwa mageuzi yanayohitaji tatu, mabaki yatakuwa sifuri hata kama nukta moja umeiweka kwenye nyumba ya jirani. Toa nukta sita au nane, zilizotawanyika hadi kwenye kona, na hapo mabaki yatakuwa na maana. Kwa sababu hiyohiyo, uwe mwangalifu na njia ya kunyoosha kama mpira inayoilazimisha picha ipite kwenye kila nukta. Inafaa kwa karatasi iliyonyauka vibaya na isiyo na mbadala, lakini kwa kuwa kila mabaki ni sifuri, nukta iliyokosewa haitajitangaza: itaipinda sehemu ya nyumba iliyo karibu nayo kimyakimya, na wewe utaona jedwali safi.

Mikunjo inaleta aina yake ya kosa. Kwenye kila mkunjo karatasi huwa imemeza sehemu ya urefu, kwa hiyo vyumba vinavyokatwa na mkunjo hupungua huku vingine vikiwa sahihi. Nyosha kila kipande kilicho kati ya mikunjo peke yake, kisha viunganishe kwa vipimo vilivyoandikwa.

Dalili: kipimo kimoja tu ndicho kibaya

Mara nyingi ni mwandiko. Kwenye michoro ya mkono 1 na 7 hufanana, 3 na 8 hufanana wino ukisambaa, na 0 hugeuka 6 mkia mdogo unapotokea. Alama ndogo za futi na inchi hupotea kabisa skana inapowekwa kwenye nyeusi na nyeupe tupu, na hapo futi 10 na inchi 6 husomeka 106. Anayeichukulia namba hiyo kuwa inchi anapata milimita 2,692 badala ya milimita 3,200, na chumba cha milimita 2,692 kinaaminika kabisa, ndiyo maana kosa hupita. Skani kwa rangi au kijivu. Nakala za zamani zenye mandharinyuma ya buluu au zambarau zinahitaji hivyo zaidi, kwa kuwa mistari yake hafifu humezwa mara tu programu inapolazimishwa kuamua kati ya nyeusi na nyeupe.

Dawa ya uhakika ni kujumlisha mnyororo wa vipimo na kuulinganisha na kipimo cha jumla. Chukulia mnyororo unaokatisha nyumba unasomeka hivi: ukuta futi 1 na inchi 10, chumba futi 9, ukuta futi 1 na inchi 8, chumba futi 8 na inchi 7, ukuta futi 1 na inchi 10. Jumla ni futi 22 na inchi 11, lakini mstari wa jumla umeandikwa futi 22 na inchi 5. Tofauti ya inchi 6 ni tofauti kamili kati ya 7 na 1. Rudi kwenye picha, ikuze, na utaona kwamba "inchi 7" ya chumba cha pili ni inchi 1 yenye kichwa kirefu. Tofauti isipofanana na kosa lolote la usomaji, kuna uwezekano kwamba mchoraji wa awali alibadilisha kipimo akaacha mstari ulivyokuwa. Namba iliyoandikwa ndiyo itumike, na picha isiburutwe kuifuata. Acha mstari wa picha upishane na mstari wako, na uweke alama mahali hapo.

Dalili: kuta hazikai mraba

Kabla ya yote, hakikisha karatasi yenyewe haikuingia skana kwa mshazari. Mzunguko wa digrii 0.3 tu unapotosha ukuta wa mita 10 kwa milimita 52. Zungusha picha kwa kufuata mstari mrefu wa nyumba na wala si ukingo wa karatasi, kwa sababu ukingo huo ulikatwa kwa mkasi.

Baada ya hapo, kama kuta bado zimepinda, uko mbele ya uamuzi mzito kuliko mingine yote katika kazi hii. Programu za kisasa hupenda pembe mraba, na mchoraji akiwasha kizuizi cha mlalo na wima kila ukuta hujinyoosha wenyewe. Kwa nyumba ya matofali ya inchi 6 iliyojengwa juzi kwenye kiwanja kilichopimwa, hilo mara nyingi ni sahihi, na kupinda kwa mchoro ni kutetemeka kwa mkono. Kwa nyumba ya mawe ya Unguja au Lamu ni uharibifu. Nyumba hizo zilifuata mkondo wa uchochoro na ukuta wa jirani, na chumba chenye umbo la trapeza huwa kweli ni trapeza. Ukikinyoosha, makosa yote utayasukumia kwenye chumba cha mwisho, ambacho kitabaki bila nafasi ya kutosha na hutajua kwa nini.

Kinachoamua ni kipimo cha kona kwa kona. Chumba cha mita 2.75 kwa mita 6.10 chenye pembe mraba kina mita 6.69 kona kwa kona, pande zote mbili. Fundi akirudi na mita 6.60 upande mmoja na mita 6.78 upande wa pili, chumba kimepotoka kwa takribani digrii 2, na modeli inapaswa kupotoka vivyo hivyo. Kila chumba kichorwe kwa pembetatu mbili: chora upande mmoja, piga duara kutoka kila ncha kwa urefu uliopimwa, na makutano ya duara ndiyo kona. Kama jengo bado limesimama na umepewa siku moja tu ya kwenda kupima, itumie yote kwa vipimo vya kona kwa kona. Mengine picha inaweza kukusaidia, haya haiwezi.

Dalili: ukuta una unene tofauti kila mahali

Watu wengi huitikia dalili hii kwa kuskani upya kwa nukta 600 au 1,200, na faili inakuwa nzito bila faida. Hesabu yake ni hii. Kwa nukta 300 kwa inchi, pikseli moja ni milimita 0.085 za karatasi, ambayo kwa skeli ya 1:96 ni milimita 8 za jengo. Mstari wa wino wenye unene wa milimita 0.5, kwa upande wake, una milimita 48 za jengo. Wino ni mnene mara sita kuliko pikseli, kwa hiyo kinachokupotosha ni kushika ukingo wa nje wa mstari hapa na ukingo wa ndani pale. Amua kushika katikati ya wino daima, na unene wa ukuta uuchukue kwenye namba au kwenye kina cha fremu ya dirisha lililopimwa.

Uliza pia kama kipimo kilihesabu plasta. Tofali la milimita 150 lenye plasta ya milimita 15 kila upande ni ukuta wa milimita 180, na chumba kilichopimwa plasta kwa plasta ni kidogo kwa milimita 30 kuliko kilichopimwa tofali kwa tofali. Andika kwenye modeli unatumia kipi.

Dalili: programu ilifuatisha yenyewe, na matokeo ni msitu wa mistari

Kufuatisha kwa kujiendesha kuna njia mbili, na aliyechagua isiyofaa hupata mistari miwili kila palipokuwa na mmoja, kwa sababu programu ilizunguka kingo za wino badala ya kupita katikati yake. Hivyo ndivyo zana ya kawaida ya programu ya michoro ya Inkscape inavyofanya isipoambiwa vinginevyo. Hata njia ya katikati huvunja tao kuwa vipande vidogo, hulainisha kona kali, hugeuza maandishi kuwa mikwaruzo, na huchukua mkunjo wa karatasi kama ukuta. Zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, ambazo kwenye plani ni vijisanduku vidogo, ama hupotea ama huungana na mlango ulio karibu.

Katika AutoCAD, amri ya OVERKILL huondoa mistari iliyolaliana, na PEDIT huunganisha vipande, lakini baada ya usafi huo wote bado unabaki na vipimo vya picha, si vya namba. Maoni yangu ni kwamba kwa plani ya nyumba njia hii haifai kuwa msingi wa modeli. Inafaa kwa mistari ya kontua, inayoonyesha miinuko, kwenye ramani ya eneo, au kwa nakshi za mlango ambazo hakuna mtu atakayezijengea ukuta.

Dalili: chumba hakijai rangi, au ukuta haunyanyuki kuwa wa pande tatu

Kuna pengo kwenye kona, mara nyingi dogo kuliko linavyoonekana. Chora upya kwa kunasa ncha, yaani kuiacha programu yenyewe ishike ncha ya mstari. Ukiunganisha kwa kuruhusu umbali wa kuvumilia, uweke milimita chache tu, kwa sababu ukiweka 100 programu itaziba na nafasi za zidaka. Kama mistari inagusana kwa kuitazama kutoka juu lakini bado haiungi, itazame kutoka ubavuni. Huenda mmoja una kimo tofauti na mwingine.

Dalili: ghorofa haziketi moja juu ya nyingine

Kila ghorofa iliskaniwa kwenye karatasi yake, kwa hiyo kila moja ina makosa yake. Wengi hulinganisha kwa kona za nje za nyumba, na katika nyumba ya mawe hiyo ni rejea dhaifu, kwani ukuta wa juu unaweza kuwa mwembamba kuliko wa chini na uso wake wa nje haupandi kwa timazi. Tumia kitu kinachopita ghorofa zote: pango la ngazi, ua wa ndani, kisima cha hewa. Chagua nukta mbili zilizo mbali, na uzipime kwa timazi kama jengo lipo.

Kimo cha ghorofa kisikadiriwe. Kama mchoro wa mkato haupo au hausomeki, hesabu vipandio vya ngazi, yaani vimo vya hatua moja moja. Vipandio 22 vya inchi 7 na nusu ni inchi 165, yaani futi 13 na inchi 9, au milimita 4,191 kutoka sakafu hadi sakafu. Kumbuka kwamba vipandio 22 vina mikanyagio 21 tu kwenye plani, kwa kuwa wa mwisho ni sakafu yenyewe. Aliyesahau hilo hupata nyumba iliyopungua kimo cha kipandio kizima.

Dalili: nyumba imeangukia mahali pasipo pake kwenye ramani

Modeli iliyowekwa kwenye koordineti za kitaifa ikikaa mamia ya mita kutoka mahali pake, na kiasi hicho kikiwa kilekile kwa majengo yote, huenda ramani ya zamani iko kwenye mfumo wa koordineti wa Arc 1960 na picha ya setilaiti iko kwenye mfumo mwingine, WGS 84. Usiiburute kwa mkono. Iambie programu mfumo wa kila faili. Mistari ikitetemeka ukikuza, namba zake ni kubwa mno, kwa kuwa koordineti za upande wa kaskazini za eneo letu, katika kanda ya ramani ya 37 kusini, huzidi mita milioni 9. Chora karibu na sifuri na uhamishe mwishoni.

Dalili: mhandisi anauliza ukuta huu ulipimwa au ulikisiwa, na hakuna anayejua

Modeli nzuri inaweza kukataliwa kwa swali hili pekee. Tenga matabaka tangu siku ya kwanza kwa kufuata chanzo cha mstari: kuta zilizopimwa kwa tepu kwenye tabaka moja, zilizotoka kwenye namba zilizoandikwa kwenye la pili, zilizofuatishwa kutoka kwenye picha tu kwenye la tatu, na kila tabaka lipewe rangi yake. Picha iliyoskaniwa ibaki ndani ya faili, imefungwa na kufifishwa, pamoja na maandishi madogo yanayotaja skeli iliyokubaliwa, mstari uliotumika kuikuza, na mabaki ya nukta za rejea kwa milimita. Mhandisi anayehesabu uzito wa boriti atajua hapo hapo upana wa chumba gani ni wa tepu, na upana wa chumba gani bado unamhitaji fundi arudi Unguja na tepu yake.